Jinsi Hezekiah Alivyopunguza Mwili

Huku kwetu Isukha mwanamume anaweza kukosa mambo mengi na bado akaitwa mwanamume. Anaweza kukosa gari, akakosa ng'ombe wa maziwa, hata akili ikampitia mbali, mradi awe na tumbo linalotangulia shati. Tumbo ni ushahidi kwamba nyumbani kwake kunapikwa. Nami nina langu na silifichi, kwa hivyo usidhani kwamba ninamcheka Hezekiah nikiwa nimesimama mbali.

Hezekiah ni jirani yangu. Ana posho mil hapa Khayega, hatua chache kutoka duka langu la dawa za mifugo, na kazi yake ni kukaa. Mashine inasaga, wateja wanajimwagia mahindi wenyewe, yeye yuko mlangoni kwenye kiti cha plastiki akiwasalimu wapita njia. Kiti cha kwanza kilimvunjikia. Akanunua viwili, akavipachika kimoja ndani ya kingine, akaendelea na kazi.

Unga, basi, haukuwahi kupungua kwake. Mkewe Jescah ni msongaji hodari wa ugali, ule tunaouita obusuma, mgumu, unaokatwa kwa kisu na kipande kikabaki kimesimama. Jioni alikuwa akimwekea mumewe mlima mzima kwenye sahani, pembeni mboga za murere na kunde, na siku ya heri, ingokho, kuku wetu wa kienyeji, aliyechemshwa polepole. Hezekiah alikuwa akiumaliza mlima huo bila kuinua kichwa. Jescah alikuwa akimtazama akila, na ukimwona usoni ungejua kwamba hiyo ndiyo saa yake ya furaha.

Lakini kitu alichokipenda Hezekiah kuliko mil, na nadhani kuliko baadhi ya ndugu zake, kilikuwa fahali wake Katapila. Huyu hakuwa ng'ombe wa kulima wala wa kuchinjwa. Kwetu mafahali hupiganishwa uwanjani Jumamosi asubuhi, wawili kwa wawili, na anayegeuza mgongo ndiye aliyeshindwa. Katapila aliishi kwa nidhamu. Alfajiri alipelekwa mbio na vijana wa mtaa. Nyasi zake zilikatwa kwa kiasi, chumvi yake ilitoka dukani kwangu, na majike hakuruhusiwa hata kuyaangalia. Jescah alikuwa akisema kwamba boma lao lina mwanaspoti mmoja na mtazamaji mmoja.

Sasa sikiliza desturi, maana hapo ndipo maneno yote yalipoanzia. Siku ya mpambano mwenye fahali hukimbia mbele ya fahali wake, fimbo mkononi, kutoka bomani mpaka uwanjani, na wapigaji wa ngoma za isukuti humfuata wakimwimba kwa jina. Hukai nyumbani ukaletewa habari. Hupandi pikipiki. Unakimbia, watu wanatoka kwenye ua wao kukuona, na usipoonekana mbele ya ng'ombe wako, watu wanauliza ng'ombe ni wa nani.

Siku ya Boxing, mwaka juzi, Hezekiah alikimbia vizuri mpaka kwenye josho la ng'ombe. Hapo ni kama nusu kilomita kutoka kwake. Njia yote ni kilomita sita. Akashika nguzo ya josho, akasema anafunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa gambuti za mpira. Ngoma zikampita. Katapila naye akampita, bila kugeuka. Hezekiah alifika uwanjani akiwa nyuma ya bodaboda, tairi imebonyea, na akakuta Katapila ameshashinda na watu wanamshangilia ng'ombe asiye na mwenyewe. Waimbaji wa isukuti hawana huruma. Hapo hapo walimtungia maneno: ng'ombe amefika, mwenyewe yuko wapi, yuko barabarani anashuka piki. Wiki mbili nzima watoto walioleta mahindi mil waliimba wimbo huo wakisubiri unga wao.

Aliumia. Alikuja dukani kwangu akakaa juu ya gunia la lishe ya kuku, akaniambia, "Wanzala, mwezi wa nane nitakimbia mbele ya Katapila mpaka uwanjani, ama nimuuze."

"Utakimbia na nini?" nikamuuliza.

"Na miguu yangu."

Nikamtazama miguu. Nikakubali kwa kichwa, kwa sababu alikuwa mteja.

Januari alienda kliniki, na huko akahudumiwa na Kemunto, binti wa Kisii asiyependa kuzungushwa. Alimpima, mzani ukasema kilo mia moja na kumi na nane. Akampima sukari, akampima presha, akaandika, akaweka kalamu chini. Haya alinisimulia Hezekiah mwenyewe, baada ya mambo kuharibika, na sina sababu ya kuyatilia shaka kwa kuwa hayamsifu.

"Mzee, jioni unakulanga ugali kiasi gani?"

Hezekiah akaonyesha kwa mikono miwili.

"Sisemi wa familia. Wako."

"Huu ndio wangu. Kukiwa na kuku unaongezeka kidogo."

Kemunto akamwambia kwamba sukari imeshaingia mlangoni na bado haijakaa kitini, kwamba anaweza kuitoa kwa kula kidogo na kutembea sana, na kwamba akiipuuza itaanza na macho au itaanza na mguu. Ugali usizidi ngumi yake mwenyewe. Hezekiah akaikunja ngumi akaitazama kwa matumaini, maana ni ngumi kubwa.

"Na wiki ijayo kuja na mama," Kemunto akasema. "Yeye ndiye anapika. Nikiongea na wewe peke yako naongea na ukuta."

"Mama amesafiri, daktari."

Jescah wakati huo alikuwa mil, amemshikia kazi, unga umemjaa kwenye nyusi.

Kwa nini alidanganya? Utasema ni ujinga, na ni ujinga, lakini una mizizi. Huku mwanamume akisukuma sahani kabla haijaisha, amesema moja kati ya mawili: chakula ni kibaya, ama amekula kwingine. Na kwingine kuna maana yake. Isitoshe, Jescah alipoolewa miaka ishirini na sita iliyopita, mama mkwe wake, mzee Selpher, alionja obusuma wake wa kwanza mbele ya wageni akasema ni uji uliochelewa. Jescah hakusahau. Amesonga miaka yote hiyo akilijibu neno hilo. Hezekiah alijua kwamba kumwambia mwanamke huyo "nipunguzie" ni kumgusa palipo na kidonda. Basi akaona ni heri anyamaze. Mtu anayeweza kumshika fahali pembe kwa mikono mitupu aliogopa kusema neno moja mbele ya sahani.

Alianza, kama wanaume wengi, kwa kujiunga na kikundi. Kakamega mjini kulikuwa na wanaume wenye suti za michezo waliojiita Vitambi Kwaheri, mwenyekiti wao Elkanah, muuza magodoro, ambaye pia ana fahali, anaitwa Kanjo, naye utamsikia. Walikutana Jumamosi asubuhi karibu na uwanja wa Bukhungu. Kwanza walipiga picha. Kisha walikimbia mpaka kona ya kwanza, wakatembea mpaka ya pili, wakapiga picha nyingine wakiwa na jasho, halafu wakaingia hotelini kurudisha nguvu. Nguvu zilirudishwa kwa chai ya maziwa, chapati mbili, maharagwe na mayai ya kukaanga, na aliyechoka zaidi aliongezewa chapati. Walishindana pia kuhesabu hatua kwa simu. Mshindi wa Februari alikuwa mwenyekiti, hatua elfu ishirini na sita kwa siku, na wakampigia makofi mpaka mtu alipopita nyumbani kwake akakuta simu imefungwa shingoni mwa mbuzi.

Hezekiah alitoka kwenye kikundi hicho akiwa ameongeza kilo moja. Nafikiri alikuwa wa kwanza kuondoka kwa hasira, na hasira ilimsaidia. Alianza kukimbia peke yake, asubuhi, kuelekea msituni, akiwa amevaa gambuti zile zile kwa sababu raba zilimbana. Watoto wa shule walimfuata wakiimba habari za piki. Siku ya kwanza alifika kwa fundi wa baiskeli. Wiki ya tatu akafika kanisani. Mimi niliyekuwa nikifungua duka saa hiyo nilizoea kumwona akipita, amekunja uso, nami nikiwa na kikombe changu cha chai na mandazi mkononi nikimwonea huruma.

Ilibaki sahani. Mwezi wa tatu akapata ufumbuzi, na alijiona mwerevu sana. Alimwambia mkewe kwamba ng'ombe wa vita anatakiwa azoeane na mwenyewe, ndiyo uwanjani amsikie, kwa hivyo kuanzia leo atakuwa akila chakula cha jioni bomani kando ya Katapila. Jescah alicheka, akamfungashia. Hezekiah akaenda na sahani yake, akakata kipande sawa na ngumi, akala na mboga. Mlima uliobaki akamwekea Katapila kwenye beseni.

Ng'ombe hula ugali, muulize mfugaji yeyote. Ukimpa makoko ya sufuria anashukuru. Lakini huyu hakuwa akipewa makoko. Alipewa chakula cha jioni cha mtu wa kilo mia na kumi na nane, cha moto, chenye murere, siku saba kwa wiki. Baada ya siku kumi Hezekiah aliona urahisi wa jambo hilo, akaanza kupeleka bomani na uji wa asubuhi, na viazi vitamu vya saa nne, na githeri. Saa moja ya jioni Katapila alianza kunguruma akielekeza kichwa jikoni. Jescah alisikia, akasema kweli ng'ombe amemzoea mwenyewe.

Mwezi wa tano Hezekiah alikuwa na kilo tisini na nane. Kemunto alimpima mara mbili kwa kutoamini mzani. Sukari ilikuwa imeanza kushuka. Suruali zake alizikaza kwa mshipi mpaka zikakunjamana kiunoni kama mdomo wa gunia, naye alikataa kuzipeleka kwa fundi, kwa kuwa alitaka zionekane. Alikaa mil kwenye kiti kimoja.

Watu wakaona. Na watu wa huku wakimwona mwanamume amekonda hawasemi hongera. Kwanza walisema ni ule ugonjwa, kwa sauti ya chini. Halafu walimwona akikimbia asubuhi, wakasema mgonjwa hakimbii hivyo, basi ni mke. Maneno yakatulia kwa mke na yakapata makazi. Jescah anamnyima. Jescah amekuwa mkali wa unga, na mil ni yao. Wengine waliongeza kwamba mwanamume anatoka na sahani kwenda kula na ng'ombe, mnaona, amefukuzwa mezani. Wanawake wa kikundi cha kanisa waliacha kumwomba Jescah asonge kwenye mikutano yao, wakampa kazi ya kuosha vikombe.

Habari zikafika Lumakanda, ambako mzee Selpher anaishi kwa mtoto wake mdogo. Akaja. Alileta kuku wawili na gunia dogo la njugu, na kabla hajakaa alifunua sufuria zote za jikoni. Jumapili, wageni wakiwa wamejaa sebuleni baada ya ibada, akaketi kitako akamwita mkaza mwana wake.

"Mama Cindy, huyu mtoto nilikupatia akiwa mtu."

"Ndiyo, mama."

"Sasa nimekuta mifupa. Nimesikia anakulanga na ng'ombe. Kwa hii nyumba ya unga, mtoto wangu anakufa njaa?"

"Mama, mimi nampikianga. Sahani inarudi ikiwa tupu."

"Tupu, kwa sababu uliiweka tupu."

Nilikuwepo. Hezekiah alikuwa ameketi kwenye kochi lililotazamana na mama yake, glasi ya maji mkononi, na sote tulimgeukia, kwa sababu neno moja kutoka kwake lingemaliza mambo. Jescah alimtazama pia. Hezekiah akanywa maji yake yote polepole. Kisha akasema, "Mama, achana na hayo maneno," akasimama, akatoka kwenda kukimbia. Jumapili mchana, jua la utosi. Sijawahi kuona mtu akihitaji mazoezi kwa haraka namna ile.

Jescah hakulia. Alichofanya ni kuongeza. Aliamka saa kumi na moja kutia njugu na maziwa kwenye uji. Mlima wa jioni ukapata kilima kingine kando. Alianza kupaka samli juu yake, jambo ambalo hata mimi, mwanamume wa kitambi, niliona ni kupita kiasi. Alimpelekea mumewe bomani kwa mikono yake mwenyewe, akaweka chini, akasema, "Baba Cindy, kula, ndiyo watu wanyamaze." Na Hezekiah akamjibu asante. Alimtazama akirudi jikoni, akakata ngumi yake, na iliyobaki akaisukuma kwenye beseni.

Hapa na mimi nina dhambi yangu. Mwezi wa saba alikuja dukani kuomba dawa ya tumbo la ng'ombe kujaa hewa. Nilimuuliza Katapila anakula nini. Akasema nyasi. Nilikwenda kumtazama. Ng'ombe alikuwa mnene, ngozi inang'aa, shingo ikikunjana mara tatu, na mdomoni alikuwa na ukoko mweupe ambao sijawahi kuuona kwenye nyasi. Vijana waliokuwa wakimpeleka mbio alfajiri walisema siku hizi anatembea mpaka kwenye josho kisha analala chini. Nikamtazama Hezekiah, mwembamba, na Katapila, mnene, na hesabu haikuwa ngumu. Nikamuuzia dawa. Mara mbili nilitaka kumwambia Jescah, na mara mbili nilijiambia mambo ya mume na mke hayaingiliwi. Maneno hayo tunayo tayari tukitaka kuogopa.

Jumamosi ya kwanza ya Agosti ikafika. Katapila alipangiwa kupigana na Kanjo wa Elkanah.

Nasema ukweli: Hezekiah alikimbia. Alitoka bomani mbele ya ngoma, fimbo juu, kilo tisini na moja, raba mpya miguuni, na alipofika kwenye josho hakulitazama. Watu walitoka kwenye ua wao. Mzee mmoja alivua kofia. Akapandisha kilima cha shule ambacho vijana hukipanda wakitembea, akateremka upande wa pili, na sauti za isukuti zikawa zinabaki nyuma, naye akadhani kwamba anazishinda kwa mbio. Aliingia uwanjani peke yake, mikono juu, jasho likimeta, akingoja kelele.

Watu wakamtazama, wakatazama nyuma yake. Hapakuwa na ngoma wala ng'ombe. Elkanah, aliyekuwa ameketi kwenye gogo kando ya Kanjo akipepea tumbo lake kwa kofia, akauliza kwa upole, "Hezekiah, umekuja kupigana mwenyewe?"

Katapila alifika baada ya robo saa. Alikuwa akisukumwa na watu wanne nyuma na kuvutwa na wawili mbele, na wapigaji wa isukuti walikuwa wamechoka kumpigia ngoma ya mbio, wakawa wanapiga ile ya msibani.

Mpambano wenyewe ulichukua muda mfupi kuliko ninavyousimulia. Kanjo alikwaruza ardhi. Katapila alimtazama. Wakagongana pembe mara moja, tukasikia pumzi ndefu ya kuchoka ikimtoka Katapila, kisha akageuka. Hakukimbia, ingawa ng'ombe aliyeshindwa hukimbia na watu hutawanyika. Huyu alitembea. Alinyoosha pua, akanusa upepo, akauvuka uwanja akielekea pembeni, kule wanawake walikokaa na chakula cha wapiga ngoma.

Kwa kawaida kila mwenye fahali huwalisha wapiga ngoma wake, na Jescah alikuwa ameleta beseni kubwa la obusuma lililofunikwa kwa majani ya ndizi. Mzee Selpher alikuwa kando yake kwenye kigoda, amekuja kuhakikisha kwamba chakula kinatosha. Wanawake wengine walipoona ng'ombe wa vita anakuja waliinua watoto na kukimbia. Jescah hakukimbia, kwa sababu Katapila hakuja kama ng'ombe wa vita. Alisimama mbele yake, akatikisa masikio, akangoja kama mgeni anayesubiri kunawishwa mikono. Alipoona hapewi, akayasogeza majani ya ndizi kwa pua, kwa utaratibu, akaanza kula. Alianza na pembeni. Alipomaliza upande mmoja akageukia sufuria ya murere, akalamba, akarudi kwenye ugali.

Kisha Elkanah akasema, "Huyu ni wa vita ama ni wa hoteli?" na watu mia tatu wakaangua kicheko.

Jescah hakucheka. Alisimama na mwiko mkononi, akimtazama ng'ombe anavyokula chakula chake, anavyokijua. Nilimwona akielewa. Ilimchukua muda kidogo, na nilitamani ningekuwa mahali pengine. Aliangalia shingo ya Katapila yenye mikunjo mitatu. Halafu akainua macho akamtafuta mumewe, akamwangalia kuanzia kwenye mashavu yaliyobonyea mpaka kwenye suruali iliyokazwa.

Mzee Selpher amezeeka, lakini haoni vibaya. Alisimama akishikilia fimbo yake, na kicheko kikapungua kwa heshima.

"Hezekiah, kuja hapa."

Akaja.

"Nani amekuwa akikula chakula cha huyu mama?"

Mtu aliyekuwa amekimbia kilomita sita na kupandisha kilima cha shule bila kusimama, hapo ndipo alipokosa pumzi.

"Ng'ombe, mama."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu."

Mzee Selpher akageuka kwa mkaza mwana wake. Badala ya maneno ya radhi akashika kitambaa cha kichwani, akakivua, kikaanguka, akabaki amesimama na mvi zake wazi mbele ya watu. Jescah akainama, akakiokota kitambaa, akamfunga tena, taratibu.

Ndipo akamuuliza mumewe, si kwa sauti kubwa, "Kwa nini, Baba Cindy?"

"Daktari alisema sukari imeanza kuniingia. Alisema nipunguze."

"Alisema lini?"

"Januari."

"Sasa ni mwezi wa nane." Alihesabu kwa vidole, akapoteza hesabu, akaacha. "Siku mama aliniuliza mbele ya watu kama nakunyima, wewe ulikuwa kwa kochi."

"Nilikuwa."

"Ukanywa maji."

Hezekiah alitazama raba zake mpya.

"Ungesema tu, 'Jescah, nimeshiba.' Maneno mawili. Ningeuliza, ungenieleza, ningesonga kidogo, na mimi ningekula kidogo na wewe. Mimi pia ni mnene, hujaniona? Ugonjwa wako umemwambia ng'ombe, si mimi."

Hakuna aliyecheka tena. Hata Elkanah alivaa kofia yake. Nilimhurumia Hezekiah, na papo hapo nilitaka kumpiga, na nilikumbuka chupa mbili za dawa nilizomuuzia, nikatazama pembeni.

Jescah alichukua beseni tupu, akalipangusa kwa jani, akaliweka kichwani. Akamshika mzee Selpher mkono, wakashika njia ya nyumbani. Katapila aliinua kichwa, akaona beseni linaondoka, akalifuata. Hakufungwa kamba wala kupigwa fimbo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitembea bila kusukumwa. Wapiga ngoma walitazamana wakiulizana kama wapige, wakaona wasipige. Hezekiah aliwafuata kwa nyuma, mbali kidogo, mwembamba, mwenye afya, na kila alipoongeza mwendo kuwafikia, Jescah naye aliongeza.